Anza na ukuta: mambo ya kuzingatia kabla ya tetemeko

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika Kagera. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.9. Japani, tetemeko la kiasi hicho mara nyingi hupita bila kuua hata mtu mmoja. Kagera walikufa watu wasiopungua 17, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika hadi zikafungwa kwa muda. Kinachoua ni majengo, ndiyo maana orodha hii haianzi na tochi wala dumu la maji.

Mtikisiko wenyewe hatuna la kuufanya. Kwenye Bonde la Ufa mabamba mawili, yaani vipande vikubwa vya gamba la dunia, la Somalia na la Nubia, yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Miamba inajikaza kwa miaka mingi, halafu siku moja inaachia kwa sekunde chache tu. Rukwa iliachia mwaka 1910 kwa tetemeko la 7.4, na Ziwa Tanganyika Desemba 2005 kwa 6.8. Hakuna mtaalamu anayeweza kutaja siku wala saa ya linalofuata, kwa hiyo ule ujumbe wa WhatsApp unaosema "leo saa 4 usiku mlale nje" ufute, usiusambaze.

Sasa ukuta. Chukua msumari wa inchi nne, ukwaruze pale tofali linapokutana na tofali. Kama kinachotoka ni udongo mkavu unaomwagika, basi tofali zako zimepangwa tu, hazijashikana, hata kama nje umepiga plasta na rangi nzuri. Halafu tazama juu ya milango na madirisha: je, nyumba ina linta ya zege yenye nondo inayozunguka kuta zote bila kukatika? Wengi huweka kipande juu ya dirisha na kipande juu ya mlango ili kuokoa saruji. Linta kamili inazifunga kuta nne kama mkanda kiunoni, zikitikisika zinakwenda pamoja. Vipande havifungi chochote, na kona ndizo huachana kwanza. Angalia pia ile pembetatu ya tofali inayopanda hadi kwenye kilele cha paa. Mara nyingi haijashikwa na kitu, na huanguka mapema, ama nje njiani, ama ndani kitandani. Kwa anayejenga upya, namshauri sehemu hiyo aifunge kwa mbao au bati badala ya tofali. Ni rahisi zaidi, na bati likianguka halina uzito wa tofali. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, nazo zifungwe kwenye linta kwa waya mnene au nondo iliyoachwa ikichomoza, si kwa misumari miwili mitatu.

Kama huna uwezo wa kubomoa na kujenga, hamisha kitanda kikae mbali na ukuta huo wenye pembetatu na mbali na dirisha. Hilo halina gharama. Kabati la vyombo lifungwe ukutani kwa vyuma vya kona, vitu vizito vishuke rafu ya chini, na kila mtu nyumbani, hata dada wa kazi, ajue kufunga gesi kwenye kichwa cha mtungi. Moto baada ya tetemeko mara nyingi huanzia jikoni, kwenye mtungi uliopinduka au jiko la mkaa lililoachwa linawaka.

Watoto wafundishwe mapema. Kwenye jengo imara la zege, usikimbilie ngazi: inama, ingia chini ya meza nzito, shikilia mguu wake mpaka mtikisiko uishe. Nyumba ya udongo ya chini ni habari nyingine. Kama mlango uko karibu na nje kuna uwazi, toka mara moja, ukae mbali na kuta na nyaya za umeme. Chagueni mahali pa kukutana, mathalani uwanja wa mpira, kwa sababu simu huenda zisishike.

Ndipo sasa mfuko: maji lita 3 au 4 kwa mtu kwa siku, ya siku tatu, tochi, redio ya betri, dawa za anayetumia kila siku, filimbi ya kuitia msaada ukinaswa, na nakala za vitambulisho, hati ya kiwanja na kadi ya kliniki ya mtoto. Namba ya Zimamoto ni 114.

Wa milimani waogope maporomoko, hasa masika, udongo ukiwa umelowa. Wa pwani nao wamo: Agosti 12, 2020 tetemeko la baharini la ukubwa wa karibu 6 lilitikisa Dar es Salaam usiku, na Desemba 26, 2004 mawimbi ya tsunami yaliyoletwa na tetemeko la Sumatra, Indonesia, yaliua watu Tanzania na Kenya baada ya kuvuka bahari nzima. Bahari ikikupwa ghafla nje ya saa zake, usishuke kuokota samaki. Panda juu.

Baada ya mtikisiko mkubwa hufuata midogo, na ukuta uliopasuka huweza kuanguka kwa huo mdogo. Kabla ya kurudi ndani, zunguka nyumba kwa nje. Ukiona ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, au mwanga unaopenya kati ya ukuta na paa, lala kwa jirani mpaka mhandisi wa halmashauri aje kuikagua.