Kuanza selo ukiwa Tabora: mkono wa kulia kwanza

Mtoto akija kwangu kujifunza selo, ile ala ya nyuzi kama fidla kubwa inayopigwa kwa upinde ukiwa umekaa, wiki tatu za kwanza simruhusu kubonyeza uzi hata mmoja. Anavuta upinde tu. Wazazi huuliza, "Mwalimu, wimbo lini?" Nawaomba wavumilie. Sauti ya selo inatoka mkono wa kulia. Kidole cha kushoto unaweza kukisogeza baadaye.

Chagua selo ya kimo chako: robo, nusu, robo tatu au kamili. Kaa ukingoni mwa kiti, nyayo zote mbili chini. Sakafu zetu za saruji zinateleza, na kile chuma cha chini kitakukimbia. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye miguu ya mbele ya kiti, toboa tundu dogo katikati, chuma kikae humo.

Sasa upinde. Kidole gumba kikunje kidogo, bega lilegee. Vuta uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, polepole ukihesabu hadi nane, kisha rudi kwa nane. Upinde uende sambamba na daraja, kile kibao kinachoinua nyuzi. Ukipinda, sauti inakwaruza au inapiga mluzi. Weka kioo mbele yako uone mwenyewe.

Nyuzi ni C, G, D na A kuanzia mnene. Wanakwaya hupata kuzilinganisha upesi: C ukiiita do, G ni so, G ukiifanya do, D ni so, na A vivyo hivyo.

Kiangazi cha Tabora ndicho adui. Mbao husinyaa, vigingi vya kukazia nyuzi hulegea, kifua cha selo kinaweza kupasuka. Mimi huweka ndani ya boksi lake kisahani cha sabuni chenye matundu na sponji iliyokamuliwa vizuri. Na usifungue nyuzi zote kwa mpigo! Niliwahi kufanya hivyo. Daraja likaanguka, na kile kijiti cha ndani kinachobeba sauti kikaanguka pia. Nilipanda nayo treni hadi Dar es Salaam kutafuta wa kukirudisha. Badilisha uzi mmoja mmoja.

Anayetaka kazi ya okestra ajiandae kwa saa kadhaa kila siku, miaka mingi, na suti za Bach, yaani vipande alivyotunga kwa selo peke yake, asizikwepe. Pablo Casals, mpiga selo mashuhuri wa Hispania, alizikuta Barcelona akiwa kijana, akazifanyia mazoezi takriban miaka 12 kabla ya kuzipiga hadharani. Okestra nyingi za Ulaya na Marekani hukusikiliza raundi ya kwanza ukiwa nyuma ya pazia. Hawaoni uso wala hawajui umetoka Tabora. Wanasikia upinde.