Jinsi ya kuanza kusaka dawa kwenye maganda ya korosho kwa kutumia akili mnemba

Wadau wa Mtwara na Lindi, hasa nyie mnaosoma kemia na baiolojia, ukiwa na laptopu na bando la kawaida unaweza kufanya ile kazi ya mwanzo ya kutafuta dawa, yaani kupembua molekuli ipi inafaa kupelekwa maabara na ipi uiache, na hulipi hata mia.

Mi nashauri uanze na maganda ya korosho maana huku yamejaa. Wanaobangua kwa mkono kule Newala na Tandahimba wanajua yale mafuta yanavyobabua vidole, sasa humo ndani kuna asidi ya anakadiki, na watafiti walishaona maabara kwamba inaua baadhi ya bakteria.

Ingia PubChem, ile hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za kemikali, andika anacardic acid, shuka mpaka palipoandikwa SMILES. Hiyo ndo molekuli yenyewe imeandikwa kwa herufi, C 15 za mwanzo ni mkia wa mafuta halafu ile C yenye namba 1 ndo mduara unaanzia hapo. Kopi yote, nenda tovuti ya ADMET-AI, peisti. Hiyo ni modeli ya akili mnemba, imefundishwa kwa molekuli ambazo majibu yake yanajulikana, kwahiyo inakukadiria kama yako itapita utumboni, kama itasumbua ini au moyo, na inailinganisha na dawa zilizokwishaidhinishwa.

Angalia sana logP, yaani kipimo cha molekuli inapenda mafuta kiasi gani kuliko maji, hapa ndo pana kazi. Kanuni ya Lipinski, ile ya kukadiria kama molekuli inafaa kuwa dawa ya kumeza, inataka isizidi 5, yetu inapitiliza mbali kwa sababu ya ule mkia, inapenda mafuta na kwenye maji haiyeyuki vizuri, kwahiyo kuifanya kidonge cha kumeza ni shida. Usiitupe lakini! Rudi PubChem tafuta ndugu zake wenye mkia mfupi, wapitishe mmoja mmoja uone logP ya nani inashuka bila kuharibu ini.

Ndo walichofanya chuo cha MIT cha Marekani kwa ukubwa zaidi, mwaka 2020 walitangaza halisini (halicin), molekuli inayoua bakteria, modeli yao ilijifunza kwa molekuli kama 2,300 zilizojaribiwa kwa bakteria wa E. koli, ikaonyeshwa nyingine kama 6,000, ikaiibua hiyo ambayo mwanzo ilichunguzwa kwa ajili ya kisukari. Ila waliithibitisha kwa bakteria halisi na panya, sio kompyuta peke yake.

Namba usiziombe kwenye zile programu za kuchati, zinaweza kukutungia. Na tafadhali sana usimpe mtu yeyote mafuta ya maganda anywe.

Ukibaki na molekuli tano hivi mtafute mwalimu wa chuo mwenye maabara, omba zipimwe kwa bakteria na kwa seli za binadamu pia, maana kinachobabua ngozi kinaweza kuua vyote viwili. Nenda na jedwali lako lina SMILES, logP, ini na moyo, maana lazima akuulize kwa nini umechagua hizo.