Kabla ya kuifungia kontakti pikipiki ya zamani ya V

Magneto, kifaa kinachojizalishia umeme wa cheche bila betri, ikizeeka haifi kwa siku moja. Asubuhi pikipiki inawaka kwa teke la kwanza, unafika Westlands bila shida, kisha foleni ya Waiyaki Way inakushika, injini inapata moto na cheche inapotea. Ikipoa, inawaka tena. Mara nyingi shida iko kwenye waya uliosukwa ndani: vanishi yake imechoka, na joto likizidi umeme unavuja. Wenye pikipiki kama hizi hapa Nairobi wengi hufikia uamuzi mmoja, kuachana na magneto na kuweka kontakti (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke), kondensa na koili inayotumia betri. Ni uamuzi ninaouunga mkono, kwa sababu vipuri hivyo vinapatikana mjini na hitilafu yake unaweza kuitafuta kando ya barabara kwa balbu ndogo na bisibisi. Lakini kazi hii hufaulu au huharibikia mezani, kwa karatasi na kalamu, kabla fundi hajagusa tupa.

Cha kwanza kujua ni pembe ya V ya injini yako, yaani pembe kati ya silinda zake mbili. Harley-Davidson ni digrii 45, Vincent za baada ya vita ni 50, Indian Chief ni 42, Moto Guzzi V7 ni 90. Pembe hii ndiyo inayoamua kemu ya kontakti, kipande chenye nundu kinachozifungua, itakuwaje. Kama fimbo zote mbili za pistoni zimeshika pini moja ya krenki, silinda haziwaki kwa nafasi sawa. Chukua 360 utoe pembe ya V, kisha chukua 360 uongeze pembe hiyo hiyo. Kwa Harley unapata 315 na 405: silinda moja inawaka, krenki inazunguka digrii 315, ya pili inawaka, halafu zinapita digrii 405 kabla ya ile ya kwanza kurudi. Kemu ya kontakti huzunguka kwa nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo kwenye kemu nafasi hizo ni 157.5 na 202.5. Kwa Vincent ni 155 na 205. Ziandike namba za injini yako ukutani pale unapofanyia kazi.

Nasisitiza kwa sababu ukienda Grogan kwenye maduka ya vipuri utaonyeshwa distribyuta (kifaa cha gari chenye kontakti na kemu ndani) ya Peugeot 504 au ya Volkswagen Beetle, nzima kabisa, na utaambiwa inaingia. Kontakti zake ndiyo, zinaweza kukufaa vizuri. Kemu haifai. Ina nundu nne zilizopangwa kila digrii 90. Kuna anayekata nundu mbili zinazotazamana abaki na mbili zilizo digrii 180. Piga hesabu: 180 toa 157.5 ni 22.5 za kemu, ambazo kwenye krenki ni digrii 45. Silinda moja ukiiweka sawa, nyingine itakuwa imepotea kwa digrii 45. Hakuna injini itakayovumilia hilo. Vizito na springi za kusogeza taimingi (wakati wa cheche kutoka) za distribyuta hiyo nazo zilipimwa kwa injini nyingine, na huenda inazunguka upande usio wako.

Baada ya hapo, amua kama utatumia seti moja ya kontakti au mbili. Seti moja inataka kemu yenye nundu mbili zisizolingana nafasi na koili moja ya midomo miwili, plagi zote mbili zikipiga cheche kwa pamoja. Ni rahisi, na Harley wameitumia miaka mingi. Ila ijue tabia yake. Chukua injini ya digrii 45 yenye taimingi ya digrii 35 kabla ya pistoni kufika juu, jinsi Harley kubwa nyingi zilivyo zikiwa mbioni. Silinda ya mbele inapowaka, ya nyuma nayo inapata cheche isiyo na kazi, na wakati huo pistoni yake imeshaanza kushuka digrii 10, inavuta mchanganyiko mpya. Unapowasha injini, taimingi ikiwa imerudi hadi digrii 5, cheche hiyo inaikuta pistoni digrii 40 chini, valvu ya kuingizia iko wazi. Ndiyo maana pikipiki hizi hukohoa kwenye kabureta zikiwa baridi, na fundi asiyejua atahangaika na kabureta isiyo na kosa. Seti mbili, kemu ya nundu moja na koili mbili zinaondoa tabia hiyo. Gharama yake ni kupima taimingi mara mbili, kila silinda na seti yake. Mimi ningechagua seti mbili kwa pikipiki ya kutembelea kila siku.

Kemu yenyewe, kama hupati iliyotengenezwa kiwandani, mpelekee mkerezaji mwenye mashine ya kugawa digrii. Kariobangi Light Industries na Industrial Area wapo wenye uwezo huo. Mpe mchoro wenye namba, na mweleze chuma kipewe ugumu baada ya kukatwa, la sivyo kisigino cha kontakti, sehemu inayosugua kemu, kitaila kemu.

Umeme usiusahau. Magneto ilikuwa inajitegemea, lakini koili ya volti 12 yenye omu 3 inakula ampea 4 muda wote kontakti zikiwa zimefungana. Dinamo ya Lucas E3L, kwa mfano, ni ya wati 60 kwenye volti 6, na taa inazihitaji hizo hizo. Pima kwanza dinamo yako inatoa nini, kisha ndiyo ununue koili. Ukipewa koili ya omu 1.5, uliza kama ni ya volti 6 au ni ya gari lenye rezista ya nje. Ukiifunga peke yake kwenye volti 12 itavuta ampea 8 na kontakti zitaungua mapema. Angalia pia upande wa betri unaoenda kwenye bodi. Pikipiki nyingi za Uingereza za wakati ule zilifunga upande wa chanya kwenye bodi.

Shafti itakayobeba kemu ishike kwa vidole uitikise. Ikicheza, badilisha bushi kabla ya jambo lingine lolote, maana mwanya wa kontakti utabadilika kila mzunguko na taimingi itatangatanga nao. Mwanya wa Harley ni inchi 0.018 hadi 0.022 kutegemea mwaka, na nyingine zina vipimo vyake. Kisigino cha kontakti za bei ya chini huwa laini, kinalika, mwanya unafunga na taimingi inachelewa kidogo kidogo bila wewe kujua. Tia grisi kidogo sana kwenye kemu, na upime tena baada ya safari chache za kwanza.

Kupata juu kabisa ya pistoni kwa bisibisi ndani ya tundu la plagi ni kubahatisha. Funga diski ya digrii kwenye krenki, weka kizuizi kwenye tundu la plagi, zungusha taratibu hadi pistoni iguse, soma, kisha zungusha upande wa pili hadi iguse tena. Katikati ya namba hizo mbili ndiyo juu kabisa. Balbu ndogo iliyofungwa sambamba na kontakti itawaka pale tu zinapoachana.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini inavumilia taimingi ya mbele kidogo kuliko inavyoandikwa. Ukiisogeza namna hiyo kisha ushuke nayo Mombasa, itaanza kugonga ukipandisha mlima kwa gia kubwa. Kama unatarajia safari ya pwani, baki na namba ya kiwanda.

Mwisho, usitoboe toboo jipya kwenye kasha la injini. Tengeneza bamba la kushikia kontakti linalotumia bolti za magneto zile zile, na magneto uifunge kwa nguo yenye mafuta uiweke. Siku ukitaka kuipeleka pikipiki Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, utairudisha kwa jioni moja.