Kitimoto ya nanasi kwenye frampeni moja, bila tone la mafuta ya kupikia

Watu wengi wakinunua kitimoto ya kupika nyumbani wanaenda njia ile ile, inachemshwa kwenye sufuria, supu inamwagwa, nyama inahamia kwenye karai la mafuta inakaangwa mpaka inakauka, alafu rosti inatengenezwa pembeni kwenye sufuria nyingine. Mwisho wa siku una vyombo vitatu vya kuosha vyenye mafuta ya nguruwe, na yale yakishapoa yanaganda hadi uchemshe maji, halafu kibaya zaidi ile ladha yenyewe umeshaimwaga na supu. Kitimoto ni nyama inayojitosheleza kabisa, ina maji yake na ina mafuta yake, we kazi yako ni kuiacha ijichemshe kwa maji yake, ijikaange kwa mafuta yake, na nanasi lije mwishoni kukusanya kila kitu kilichogandia chini. Vyote hivyo kwenye frampeni moja, kama dakika 50 au saa zima hivi, na muda mwingi umekaa tu unasikiliza.

Na kwanini tunda? Kwasababu mafuta mengi yamebaki pale pale, kwaiyo lazima kiwepo kitu kikali cha kuyakata, la sivyo ukila vipande vitano tu umekinai. Ndimu peke yake inakata ila haina utamu, asali peke yake ni tamu ila haikati, nanasi lina vyote viwili. Sio kitu cha ajabu pia, Wafilipino wanapika nguruwe na juisi ya nanasi, Wachina wa Guangdong wana ile nyama yao ya tamu na chachu, na Waingereza hawali rosti ya nguruwe bila sosi ya epo. Sisi tuna mananasi ya Kiwangwa pale Bagamoyo, sioni sababu ya kuishia kwenye ndimu na pilipili kila wikiendi.

Kwa watu wanne andaa hivi: kilo moja ya nyama, nanasi moja la saizi ya kati, vitunguu maji viwili vikubwa, hoho mbili (rangi tofauti kama zipo), karoti moja, punje tano za kitunguu swaumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, ndimu mbili, soya sosi vijiko viwili vya chakula, pilipili manga nusu kijiko cha chai, chumvi, na pilipili mbuzi moja kama unapenda. Asali iwepo karibu tu, unaweza usiihitaji. Mafuta ya kupikia usitoe hata kabatini.

Sasa nyama, hapa naomba tukae kidogo. Ukifika buchani usiseme nataka steki tupu. Steki tupu haina mafuta na njia hii yote inategemea mafuta, utaishia kuwa na nyama kavu inayogandia chini. Mwambie akukatie mchanganyiko, bega au paja kwa sehemu kubwa na kipande cha tumbo, robo tatu mnofu na robo mafuta inatosha kabisa. Ngozi mwambie aitoe, inachukua muda mrefu kulainika kuliko nyama yenyewe na kwenye frampeni inarusha mafuta vibaya. Vipande viwe vya sentimita tatu hivi vinavyolingana, maana ukichanganya vikubwa na vidogo, vidogo vitakauka wakati vikubwa bado.

Alafu angalia muhuri. Nyama iliyopimwa na mtaalamu wa mifugo inagongwa muhuri, na bucha linalojielewa halioni shida ukiuliza. Nasema hivi kwasababu minyoo ya tegu ipo, hasa maeneo yanayofuga nguruwe wengi wa kuachia wazurure kama nyanda za juu kusini na kule Mbulu. Ukikata nyama ukaona vilengelenge vyeupe vyenye maji ndani, kama punje ya mchele au vikubwa kidogo, hiyo nyama usiioshe ukaendelea, irudishe. Nyama yenye vilengelenge isipoiva unapata tegu tumboni, na mtu mwenye tegu asipotumia choo vizuri na kunawa mikono, mayai ya yule mnyoo yanaweza kumwingia yeye mwenyewe au wengine kupitia chakula na maji, yakianguliwa na mabuu yake yakifika kwenye ubongo yanaweza kuleta kifafa. Kwaiyo zile resipi za Marekani zinazosema toa nyama ikiwa nyuzi joto 63 na rangi ya pinki kidogo katikati, zile zinaongelea nyama ya kule na ukaguzi wa kule. Huku pika mpaka iive kabisa, kama una kipimajoto itafute 71 kwenda juu, kama huna usijali, njia hii inaivisha vizuri sana maana nyama inachemka kwanza ndo inakaangika.

Nanasi chagua kwa pua. Linusie kitako, likiwa linanukia vizuri ni lenyewe, likiwa halina harufu litakuwa chachu tupu, likinuka kama pombe limeshapita. Menya, toa moyo wa katikati, nusu ulikate vipande vidogo vya kung'ata mara moja, nusu nyingine saga kwenye blenda au paruza, usichuje, zile nyuzi ndo zinafanya sosi iwe nzito bila kuweka unga wowote.

Kuna watu wanapenda kulaza nyama usiku kucha kwenye nanasi bichi ili ilainike. Usifanye. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini ambacho kinavunja protini, ukiacha muda mrefu nyama inakuwa rojorojo nje na ndani bado ngumu. Kama nyama ni ya nguruwe mzee kweli, dakika 20 mpaka 30 zinatosha, alafu ndo unaipika. La kopo halina hiyo nguvu kwasababu limeshapitia moto kiwandani, kwaiyo halilainishi kitu, kwenye sosi sawa linaweza kusaidia ila ukishaonja la freshi hutalirudia.

Haya tupike. Chukua frampeni pana, sentimita 28 au 30, yenye kitako kizito na mfuniko (hata mfuniko wa sufuria unaofunika vizuri sawa). Kama yako ni ndogo pika nusu kilo, usirundike, nyama ikipandana ya juu haitapata rangi. Weka nyama, ndimu moja ukamulie, tangawizi na swaumu zilizotwangwa, pilipili manga, chumvi nusu kijiko cha chai tu maana soya sosi inakuja na chumvi yake, na maji nusu kikombe. Funika, moto wa wastani. Ikianza kuchemka punguza kidogo, acha dakika 20 mpaka 25, katikati geuza mara moja. Utashangaa maji yalivyoongezeka, hayo yametoka kwenye nyama, wala usiyamwage.

Funua sasa, ongeza moto, na hapa ndo unatakiwa uwe na masikio. Mwanzoni utasikia mchemko wa kawaida, maji yanapungua, yanapungua, alafu mlio unabadilika unakuwa ule wa kukaanga, tsss kavu, na ukiangalia chini hakuna maji tena kuna mafuta meupe safi yametoka kwenye ile nyama ya tumbo. Kutoka hapo usiondoke. Punguza moto uwe wa wastani, panga vipande visambae, acha dakika tatu bila kugusa, geuza, acha tena tatu, mpaka pande mbili tatu ziwe za kahawia iliyokolea. Watu wanakoroga koroga muda wote na nyama haipati rangi, tulia. Ikirusha mafuta sana ujue bado kuna maji, funika nusu kwa dakika moja mbili. Ukiona chini kunaganda vitu vya kahawia ni sawa kabisa, hivyo ndo sosi yako, cha kuogopa ni vikiwa vyeusi, ukiona vinaelekea huko mwaga maji vijiko viwili na kwangua.

Sogeza nyama upande mmoja, inamisha frampeni na uchote mafuta yaliyozidi, bakiza kama vijiko vitatu vya chakula. Uliyochota weka kwenye kikombe cha bati au chupa ya kioo, yakipoa yanaganda meupe na yanakaangia viazi au maharage vizuri ajabu, ila usiyamwage kwenye sinki, yanaganda humo kwenye bomba na baadae unaita fundi. Na kama nyumbani kuna asiyekula nguruwe, dada wa kazi, mpangaji mwenzio au mgeni, ile chupa iandike na frampeni na kisu viwe vya kazi hiyo tu. Ni heshima ndogo na haina gharama.

Vitunguu vinaingia pale pale pembeni, vipande vinene sio vile vyembamba vya kachumbari, na karoti iliyokatwa nyembamba. Dakika tatu nne mpaka vilainike. Kisha vile vipande vya nanasi, viweke viguse chini kabisa viungue ungue kidogo kingo, hii hatua watu wanairuka na ndo inatofautisha nanasi lililochemka na nanasi lenye ladha. Nanasi lina sukari nyingi, ndo maana linakuja mwisho, ungeliweka mwanzo lingeungua kabla nyama haijaiva. Dakika mbili kila upande.

Sasa mwaga lile nanasi la kusaga na soya sosi kwa pamoja, itapiga kelele na mvuke mwingi, chukua mwiko wa mbao na ukwangue chini kote mpaka vile vya kahawia vyote viachie viingie kwenye sosi. Weka hoho na pilipili mbuzi nzima bila kuipasua kama unataka harufu tu, ukiipasua ujue umeamua. Acha ichemke wazi dakika tano sita. Sosi iko tayari ukipitisha mwiko chini na ile njia ikabaki wazi kidogo kabla haijafunga, na nyama inang'aa. Zima moto, ndo ukamulie nusu ya ile ndimu ya pili, uchanganye, uonje.

Kuonja ndo kila kitu maana mananasi hayafanani. Ikiwa chachu sana weka asali kijiko cha chai, onja, ongeza kama bado. Ikiwa tamu sana malizia ile ndimu. Ikiwa haina ladha inayoeleweka, karibu kila mara ni chumvi imepungua. Ikiwa imekuwa nzito mno maji ya moto vijiko viwili vinairudisha. Sukari nyeupe mi siweki, inafanya sosi iwe ya pipi na inafunika tunda.

Nanasi halipo? Embe dodo lililoiva lakini bado gumu linafaa, ila halina uchachu wa kutosha kwaiyo ndimu zote mbili ziingie, na usilichemshe zaidi ya dakika tatu linapondeka. Machungwa ya Muheza, kamua manne, juisi yake ni nyepesi kwaiyo itachukua muda zaidi kupungua, usiweke ile nyama nyeupe ya ganda ni chungu. Pasheni sita, chuja mbegu, ni kali sana hivyo asali utaihitaji kweli. Ukwaju uliolowekwa na asali unatoa sosi nyeusi nyeusi nzuri mno kwa wanaopenda ukali. Na ukipata plamsi za Lushoto msimu wake chukua bila kufikiria mara mbili, zikate nusu utoe kokwa, zinayeyuka zenyewe kwenye mafuta na rangi yake ni nyekundu ya kupendeza. Kwangu hiyo inashindana na nanasi kabisa.

Cha kulia, ugali au ndizi mbichi za kuchemsha au wali mweupe usio na nazi. Ndizi mzuzu za kukaanga nazipenda ila sio hapa, utamu juu ya utamu. Kachumbari iwe ya nyanya, kitunguu na tango na ndimu nyingi, na kama una mboga chungu kama mnavu basi weka pembeni, unaenda vizuri sana na huu mchuzi.

Ikibaki, isikae mezani zaidi ya saa mbili, iweke kwenye friji kwenye chombo chenye mfuniko, siku tatu ipo vizuri. Kesho yake mafuta yatakuwa yameganda juu, toa kiasi unachoona kimezidi, rudisha kwenye frampeni na maji robo kikombe, funika mpaka ichemke kabisa, alafu funua sosi ikaze tena. Mikrowevu inaifanya ngumu, tumia frampeni.