Jinsi ya kukata penseli ya sitrini: kito cha mzaha chenye mng'ao wa kweli

Kabla hujachora chochote, kumbuka jambo hili: diski bapa, ile sahani ya kusagia vito, inakata kilichotokeza tu. Haiingii kwenye bonde. Masikio ya paka, mkia wa samaki, hata ule mkato wa juu wa moyo, vyote vinadai ukingo wa diski au msumeno mwembamba wa almasi, na hapo ndipo vito vingi vya mzaha, yaani vilivyokatwa kwa umbo la kitu, huvunjikia. Kwa hiyo anza na umbo ambalo mzingo wake wote umetokeza nje: kishada, nyumba yenye paa, kipande cha tikiti cha nusu duara, au penseli.

Mimi napendekeza penseli, tena ya sitrini, kwa sababu jiwe lenyewe linaleta rangi ya njano na sisi tunaongeza ncha tu. Vipimo vyetu ni urefu milimita 18 na upana milimita 6. Jiwe ghafi lisipungue 20 kwa 8 kwa 6, lisiwe na ufa, hasa upande utakaokuwa ncha. Sitrini nyingi sokoni ni amethisti (kito cha zambarau) iliyochomwa, na mara nyingi rangi imejikusanya sehemu moja. Liweke jiwe ndani ya maji, ligeuze kwenye mwanga, kisha panga rangi iwe chini ya shina la penseli. Ncha ikipauka si hasara. Penseli iliyochongwa huwa hivyo.

Hesabu ya mwanga

Sitrini ni kwatzi. Kipimo chake cha mpindo wa mwanga ni 1.54 hivi, na pembe yake ya ukomo ni karibu nyuzi 40.5. Faseti (nyuso bapa) za kitako, yaani sehemu ya chini ya kito, zikilala chini ya pembe hiyo, mwanga unapita moja kwa moja na mtazamaji anaona kidole chake upande wa pili. Tutatumia nyuzi 43. Usikubali umbo likushawishi kushusha pembe ili jiwe liwe jembamba "kama penseli". Penseli inayopitisha macho kama kioo cha dirisha haichekeshi mtu. Ukitaka kutumia jiwe jingine, badili pembe: yakuti, yenye kipimo cha 1.76, ina ukomo wa nyuzi 34.5 hivi na inakuachia nafasi kubwa zaidi.

Gia ya indeksi, gurudumu linaloshikilia mwelekeo wa jiwe, ni ya meno 96, kila jino nyuzi 3.75; namba za indeksi hapa chini ni za meno hayo. (Siku ukitaka nyota ya pembe tano, gia hii haikufai, maana 96 haigawanyiki kwa 5. Tafuta ya 80 au 120.)

Hatua ya 1: Mzingo

Gundisha jiwe kwenye dopu, kijiti cha kushikia jiwe, upande wa juu ukitazama dopu, kitako kikiwa wazi. Ukitumia nta, pasha jiwe polepole na uliache lipoe lenyewe, kwa sababu kwatzi hupasuka kwa joto la ghafla. Maji yatiririke kwenye diski muda wote. Vumbi la kwatzi ni silika, nayo huharibu mapafu; usikate wala kusaga jiwe hili likiwa kavu.

Weka pembe nyuzi 90. Kata indeksi 24 na 72 kwa pande ndefu, 48 kwa mwisho wenye kifutio, kisha 16 na 80 kwa ncha. Namba hizo mbili za mwisho zinatoa ncha ya nyuzi 60. Ncha kali zaidi inapendeza kwenye mchoro, ila ikigonga meza mara moja imekwisha.

Anza na diski ya namba (ukubwa wa chembe zake) 260 au 600 kulingana na wingi wa jiwe la kuondoa, umalizie 1200. Pima kwa kalipa. Upana ukiwa milimita 6, ncha inachukua milimita 5.2 za urefu, na kila upande mrefu unabaki 12.8. Hapo una kipimo kizuri cha ulinganifu: upande wa 24 ukiwa mrefu kuliko wa 72, ncha imehama katikati. Rudi kwenye 16 au 80, ondoa kidogo kidogo hadi pande zilingane. Usiendelee kabla ya hapo. Kosa la mzingo huonekana mara mbili, kwanza lenyewe, kisha katika akisi.

Hatua ya 2: Kitako

Kwa indeksi zote tano kata safu ya kwanza kwa nyuzi 55, karibu na mshipi, ule ukingo kati ya juu na chini ya kito, halafu safu ya pili kwa nyuzi 43. Mstari wa mshipi ukiwa sawa pande zote na pembe ikiwa ileile kwa kila indeksi, faseti zitakutana zenyewe, kama paa la migongo minne lililogeuzwa, na mkuku, yaani mstari wa chini kabisa, utajipanga katikati ya shina. Zisipokutana, chunguza mshipi kwanza kabla ya kugusa skrubu ya kurekebisha.

Ng'arisha kitako na mshipi kwa oksidi ya seriamu. Kwatzi inaipenda. Osha kila kitu unapobadilisha diski, pamoja na kucha zako: chembe moja ya namba 600 kwenye diski ya kung'arishia itakupa mikwaruzo usiyojua imetoka wapi.

Huenda ukatamani kuchora alama huku chini, kwa mfano mstari wa kifutio. Acha. Alama ya kitako inaakisiwa na faseti ya upande wa pili, na mstari mmoja unakuwa miwili au zaidi. Akisi hizo ni utajiri kwa anayezipanga kwa makusudi. Bernd Munsteiner, mkataji maarufu wa Ujerumani, alichonga mifereji upande wa nyuma wa akwamarini (kito cha samawati) ya Dom Pedro, ya karati 10,363, iliyoko makumbusho ya Smithsonian, Washington, na mwanga wake unaonekana kama umejengwa ndani ya jiwe. Sisi tunataka penseli isomeke kwa haraka, kwa hiyo michoro yetu yote itakaa juu.

Hatua ya 3: Kugeuza

Tia nukta ya wino upande wa ncha kabla ya kuhamisha jiwe kwenye dopu ya pili, usije ukaiweka ncha kwenye 48. Ukishageuza, weka nyuzi 90, indeksi 24, na ulaze upande mrefu juu ya diski isiyozunguka. Ukilala bila mwanya, uko sawa. Ukiwa na mwanya, legeza na ulinganishe upya.

Hatua ya 4: Taji

Taji ni sehemu ya juu ya kito. Penseli halisi ya pembe sita ikitazamwa kutoka juu inaonyesha uso mmoja wa katikati na mbavu mbili, na uso huo ni nusu ya upana wote. Mbavu zake zina mteremko wa nyuzi 60, lakini kwenye kwatzi hilo ni kali mno. Kata 24 na 72 kwa nyuzi 35, ukiacha mshipi wa milimita 0.3. Kata 16 na 80 kwa nyuzi 39. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayozifanya zifike hasa kwenye kona za meza, ule uso bapa wa juu kabisa. Mwisho wa kifutio, indeksi 48, upe hatua mbili fupi, nyuzi 50 kisha 30. Zinatosha kukumbusha ule ukanda wa bati.

Funga adapta ya nyuzi 45, kifaa kinachoinamisha jiwe ili meza ilale juu ya diski, kata meza hadi ifike upana wa milimita 3, kisha ng'arisha taji lote.

Hatua ya 5: Ncha

Faseti ya kuchongwa, inayoiga mti uliochongwa, huja mwisho kabisa. Ukiikata mapema, unga wa kung'arishia utajikita kwenye vishimo vyake na hautatoka. Indeksi 96, pembe nyuzi 11.4, ianzie ukingo wa meza na kuteremka hadi mshipi wa ncha. Mashine yako isiposhuka hivyo, ifanye jiwe likiwa bado kwenye adapta. Tumia namba 1200 tu, na uiache na ukungu. Ukungu huo hutawanya mwanga, na jicho linauona kama mti mkavu.

Sasa risasi ya penseli: indeksi ileile, nyuzi 20, kata milimita moja tu ya mwisho na uing'arishe. Itakula mshipi kama milimita 0.16, ndiyo maana hatukuuacha mwembamba.

Toa jiwe kwenye dopu kwa asetoni kama ulitumia gundi kali, ulioshe kwa sabuni na brashi laini, na ushike shina, kwani mafuta ya vidole yanatia doa kwenye ukungu. Sonara atakayelipachika umwombe aifunike ncha kwa kucha (kishikio cha kito) yenye umbo la V, na asibane pale penye risasi.