Gitaa la chupa kwa mtindo wa Blind Willie Johnson, kwa vifaa vya Mwanza

Tarehe 3 Desemba 1927, mjini Dallas, Texas, Blind Willie Johnson, mpiga gitaa na mwimbaji wa nyimbo za dini wa Marekani, alirekodi kwa mara ya kwanza, na mmoja wa nyimbo za siku hiyo hauna hata neno moja. Ni "Dark Was the Night, Cold Was the Ground". Anaguna tu, na koo likiishia njiani gitaa linamalizia. Mwaka 1977 wimbo huo uliwekwa kwenye sahani za dhahabu zilizobebwa na vyombo vya anga vya Voyager. Usikilize mara kumi kabla hujagusa uzi. Gitaa lake ni mwimbaji wa pili, na mwanafunzi asiyelielewa hilo ataishia kupiga miluzi.

Anza na kioo, yaani shingo ya chupa utakayoivaa kidoleni na kuitelezesha juu ya nyuzi. Shingo ya chupa ya bia imechongoka, haikai vizuri kidoleni. Tafuta chupa ya mvinyo wa Dodoma yenye shingo iliyonyooka. Njia ya kufunga uzi wenye spiriti na kuuwasha ina sifa kubwa kuliko matokeo yake, maana ufa hukimbia upande na kioo hubaki na meno. Mpelekee fundi vioo, yule anayekata vya madirisha, akate sentimita 6 hadi 7 kisha asage kingo kwa jiwe lenye maji. Maji ni lazima, kwa sababu vumbi la kioo likivutwa huharibu mapafu. Pitisha kidole taratibu pande zote. Ikikwaruza popote, irudi kwenye jiwe. Ukikosa chupa, nenda duka la vifaa vya ujenzi ukatiwe bomba la chuma, la nusu inchi kwa kidole cha mwisho au la robo tatu kwa kidole cha pete, ulipige msasa hadi ling'ae. Likicheza kidoleni, weka kitambaa chembamba ndani.

Gitaa la bei rahisi ambalo nyuzi zake zimeinuka juu, lile watu wanalolikimbia, ndilo linalofaa hapa. Kama nyuzi ziko chini, chonga kipande cha mfupa wa ng'ombe au mpini wa mswaki ukiingize chini ya nyuzi pale zinapotoka kichwani, hadi zipande kama milimita 2. Bila hivyo kioo kitagonga vyuma vya freti, vile vinavyokatiza shingo ya gitaa. Funga seti ya nyuzi nene, namba 13 (namba ni unene wa uzi mwembamba kuliko zote), au 12 ikikosekana. Nyembamba zikilegezwa huyumba chini ya kioo na sauti hukatika.

Sasa tyuni, ukianzia na gitaa lililotyuniwa kwa kawaida: D, A, D, F#, A, D kuanzia uzi mnene, ndio wa sita. Uzi wa tano na wa nne usiguse. Legeza wa sita hadi ufanane na wa nne, chini yake kwa oktavu moja. Bonyeza wa nne kwenye freti ya 4, kisha legeza wa tatu, ukiwa wazi, hadi ulingane nao. Wa pili uufuate wa tano na wa kwanza uufuate wa nne, zote mbili kwa oktavu juu. Kwa kuwa nyuzi zote nne zinalegezwa, hakuna hatari ya kukata uzi. Rudia kutyuni baada ya dakika tano, kwani uzi uliotoka kulegezwa huendelea kuhama.

Kwenye mkono wa kushoto ndipo wengi wanapoharibu. Kwa kidole unabonyeza nyuma ya chuma cha freti. Kwa kioo unasimama juu ya chuma chenyewe. Usibonyeze, egemeza tu. Vidole vilivyo nyuma ya kioo, upande wa kichwa cha gitaa, vilale juu ya nyuzi kama unazipapasa, la sivyo utasikia mlio wa pili unaokwaruza. Usiamini macho: ukiwa umekaa unaiona freti kwa mshazari, kwa hiyo kioo kinachoonekana kiko sawa huwa kimepitiliza au hakijafika. Sikio ndilo litakalokuambia. Kwenye uzi wa kwanza, sauti ya huzuni anayoitafuta Johnson iko kati ya freti ya 3 na ya 4. Ingia kutoka sauti ya chini zaidi na usiharakishe kufika. Ukitaka sauti itetemeke, kioo kiende mbele na nyuma kwa kipimo kilekile kuzunguka chuma.

Gumba la kulia lipige uzi wa sita kwa mapigo sawa, kama kasia. Fanya hivyo peke yake siku nzima kabla ya kuongeza kidole cha shahada.

Johnson alizaliwa Pendleton, Texas, mwaka 1897, akaimba nyimbo za dini barabarani, na kufikia 1930 alikuwa amerekodi nyimbo 30. Alifariki Beaumont mwaka 1945. Cheti cha kifo kinataja homa ya malaria. Watu humweka kwenye kundi la blues, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, kwa sababu ya mkono wake, lakini alichoimba ni cha kanisani. Kwa hiyo mazoezi yako yawe ya kanisani pia. Chukua wimbo wa taratibu unaojua kwa moyo, ule ambao kiongozi anatoa mstari na kwaya inajibu. Wewe imba mstari, kioo kijibu. Kisha imba nusu tu ya mstari unyamaze, kioo kimalizie. Ukikwama, imba kwanza sehemu iliyobaki kwa mdomo, maana kosa mara nyingi liko kwenye wimbo usiojulikana vizuri.

Asiye na gitaa apigilie misumari miwili kwenye ubao wa mita moja, afunge uzi wa chuma wa gitaa uliochakaa, aingize chupa ndogo chini yake kila upande hadi ukaze. Watoto wa Kusini mwa Marekani walifanya hivyo kwa waya wa kufungia fagio, ukutani. Mshipi wa nailoni wa wavuvi wa Kirumba haufai, sauti yake hufa upesi.

Ukimaliza, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Hewa ya ziwa ina unyevu, na uzi wenye kutu hukikwaruza kioo hadi sauti inakuwa kama ya mchanga.