Somo: Uko kwenye methotreksati? Soma hapa kabla hujameza dawa nyingine

Wadau, hii dawa wengi wanaiita MTX, wanapewa watoto wenye saratani ya damu na kina mama waliopata saratani baada ya mimba zabibu (mimba iliyoharibika ikawa vifuko kama zabibu). Inaizuia seli kutumia foleti, vitamini ambayo seli inaihitaji ili ijigawanye, halafu figo ndio zinaitoa mwilini. Shika hayo mawili, foleti na figo, mengine utaelewa tu.

Hatua ya 1: toa dawa zote ulizonazo uweke mezani, hata zile za kwenye pochi, tafuta Septrin. Jamani Septrin tunaimeza kwa UTI, kwa kuhara, kwa kifua, muuza duka la dawa anakupa bila kukuuliza kitu, kumbe nayo inagusa foleti ileile na inazifanya figo zichelewe kutoa MTX, uboho unashindwa kutengeneza damu, unaanza vidonda mdomoni, homa, fizi kutoka damu, na watu wamekufa kwa hili. SP ya malaria nayo inagusa foleti, iogope hivyohivyo.

Hatua ya 2: dawa za maumivu. Diklofenaki, Brufen, aspirini zote zinabana figo. Amoksilini na omeprazo pia mwambie daktari, hasa kama dozi yako ya MTX ni ile kubwa ya dripu.

Hatua ya 3: taja magonjwa yako yote. Figo, homa ya ini, na maji tumboni au kwenye mapafu, haya maji wengi hawayataji na ni hatari kweli, maana dawa inajificha humo halafu inarudi kwenye damu kidogo kidogo siku kadhaa. Pombe acha.

MASWALI

Mwanangu anaumwa jino, nimpe Brufen?
Hapana mama. Mpime joto kwanza, ikifika 38 mpeleke hospitali hata kama ni usiku, usimpe Panadol ukaificha homa. Kama hana homa, piga simu wodini uwaulize.

Mimi niko kwenye ARV, Septrin nameza kila siku, niache?
Usiache mwenyewe kaka, hiyo inakukinga. Nenda na kadi yako ya CTC (kliniki ya ARV) kwa daktari wa saratani kabla ya dripu, waongee wao kwa wao wakupangie kinga nyingine.

Vidonge vya foliki asidi (foleti ya vidonge) vya kliniki ya wajawazito vinasaidia?
Kwa wa baridi yabisi wanaomeza MTX mara moja kwa wiki, ndio, daktari huwaandikia. Kwa saratani usijiongezee, vinaweza kuipunguza nguvu dawa. Ila ukiandikiwa lukovorini, dawa ya kuziokoa seli nzima, baada ya dripu ya MTX, meza kwa saa uliyoambiwa, usiruke hata dozi moja, na ukiitapika rudi kwa daktari hapohapo.